Hevi metali si debe tupu: Muziki mwingine unaokonga nyoyo za mashabiki wake

MTU anayesikia muziki wa hevi metali kwa mara ya kwanza aghalabu huwa na kauli moja tu: kelele. Gitaa hunguruma, ngoma huvurumishwa kama mvua ya mawe, naye mwimbaji huenda akapiga ukemi badala ya kuimba. Shabiki wa muziki huo hudhaniwa kuwa mtu aliyeziba masikio yake, asiyeweza kuvumilia wimbo wa taratibu, sembuse kuupenda.

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hata hivyo, si kila kinachovuma ni debe tupu. Historia ya hevi metali, maisha ya wanamuziki wake na utafiti uliofanyiwa mashabiki wake vinaonyesha kwamba wengi wao husikiliza mengi: muziki wa okestra, bluzi, jazi, nyimbo za kiasili, kantri, panki, hip-hop na hata muziki wa kompyuta.

Jambo hili si la burudani pekee. Wapo vijana waliowahi kutiwa mbaroni, na wengine kuhukumiwa kifungo, kwa sababu tu walipenda muziki huu na kuvaa fulana zake nyeusi. Kujua wanachokisikiliza ni hatua ya kwanza ya kuwajua wao ni akina nani.

Hevi metali ni nini?

Hevi metali ni tawi la muziki wa roki lililochipuka nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nguzo zake ni gitaa la umeme ambalo sauti yake hunenepeshwa na kukwaruzwa kwa makusudi kupitia vikuza sauti, gitaa la besi, ngoma zinazopigwa kwa nguvu, na sauti ya mwimbaji inayopanda juu au kushuka chini kuliko kawaida.

Shina hilo limezaa matawi mengi. Lipo tawi la mwendo wa kasi, lililopata umaarufu kupitia bendi kama Metallica na Slayer za Marekani. Lipo la mwendo wa pole lenye majonzi mazito. Lipo lile ambalo waimbaji hukoroma, na lipo linaloshirikisha vinanda na kwaya. Kwa hivyo, hata kabla ya shabiki kutoka nje ya uga wa hevi metali, tayari sikio lake huwa limezoea tofauti kubwa za kasi, sauti na hisia.

Mizizi ya Birmingham

Wanahistoria wengi wa muziki huanzia katika jiji la viwanda la Birmingham, nchini Uingereza, kwa vijana wanne waliounda bendi mwaka wa 1968. Jina la kwanza la bendi hiyo lilikuwa Polka Tulk Blues Band. Baadaye ikajiita Earth, na mwaka wa 1969 ikachukua jina la Black Sabbath kutokana na filamu ya kutisha. Albamu yake ya kwanza ilitolewa Februari 1970.

Jina lile la kwanza linafichua siri kubwa. Vijana hao walianza kama wapiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi ambao asili yake ni uzoefu wa watumwa waliotolewa Afrika na wa vizazi vyao katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Mashabiki wengi wa hevi metali wanapofuata mizizi ya bendi wanazozienzi, hujikuta kwa wanabluzi kama vile Muddy Waters, Howlin' Wolf na Robert Johnson. Hapo hutambua kwamba mapigo mengi ya gitaa wanayoyapenda yalizaliwa mashambani na vilabuni, miongo kadhaa kabla ya vikuza sauti vikubwa kuwepo.

Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa na deni jingine, nalo ni la jazi. Akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono anaoutumia kubonyeza nyuzi kwa kuwa yeye hupiga gitaa kwa mashoto. Alidhani safari yake ya muziki imekwisha. Msimamizi wake kiwandani ndiye aliyemletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa jazi aliyepiga gitaa kwa ustadi ingawa vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto viliharibiwa na moto mwaka wa 1928.

Iommi alipata moyo. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi za gitaa lake ili zisimuumize, na sauti yake ikawa nzito zaidi. Waama, mojawapo ya sauti zinazotambulisha hevi metali ilichangiwa na ajali ya kiwandani na santuri ya jazi.

Wenzake nao hawakuwa tofauti. Mpiga ngoma Bill Ward alikulia kwenye jazi ya bendi kubwa na aliwahusudu wapiga ngoma kama Gene Krupa na Buddy Rich. Geezer Butler, mpiga besi, alivutiwa na utungo wa okestra wa Mwingereza Gustav Holst kuhusu sayari ya Mihiri, na mvuto huo ulichangia kuzaliwa kwa wimbo uliobeba jina la bendi. Naye mwimbaji Ozzy Osbourne, aliyeaga dunia Julai 2025, alisema mara nyingi kwamba bendi ya The Beatles ndiyo iliyompa ndoto ya kuwa mwanamuziki.

Okestra na nyuzi

Kati ya aina zote za muziki ambazo mashabiki wa hevi metali hupenda, muziki wa klasiki, yaani ule wa okestra za Ulaya, ndio unaowashangaza zaidi watu wa nje. Mmoja huchezwa na watu waliovaa suti na kukaa kimya. Mwingine huchezwa na watu wenye nywele ndefu wanaorukaruka. Lakini ukiondoa mavazi, yanayosalia yanafanana: tungo ndefu zenye sehemu kadhaa, ufundi wa vidole unaohitaji mazoezi ya miaka mingi, na shauku ya kusimulia mambo makubwa kama vita, kifo, hofu na ushindi.

Mtaalamu wa muziki Robert Walser alilieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake "Running with the Devil" cha mwaka wa 1993. Alionyesha jinsi wapiga gitaa wa hevi metali walivyosoma na kuiga kazi za watunzi kama Johann Sebastian Bach, Antonio Vivaldi na Niccolò Paganini.

Mifano ni tele. Randy Rhoads, aliyempigia Ozzy Osbourne gitaa hadi alipofariki kwenye ajali ya ndege mwaka wa 1982 akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa na mazoea ya kutafuta walimu wa gitaa la klasiki katika miji waliyozuru. Yngwie Malmsteen wa Uswidi alijijengea jina kwa kuhamishia mtindo wa fidla ya Paganini kwenye gitaa la umeme. Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica aliyefariki mwaka wa 1986, alimpenda Bach kwa dhati.

Safari hiyo haikuwa ya upande mmoja. Mnamo Septemba 1969, bendi ya Deep Purple ilipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, pamoja na Royal Philharmonic Orchestra kucheza utungo wa mpiga kinanda wake, Jon Lord. Miaka 30 baadaye, Aprili 1999, Metallica ilicheza usiku mbili na San Francisco Symphony chini ya kiongozi Michael Kamen, na kuurudia ushirikiano huo mwaka wa 2019.

Huko Ufini, wanafunzi wanne wa Chuo cha Sibelius jijini Helsinki waliunda kundi la Apocalyptica mwaka wa 1993 wakitumia selo pekee, bila gitaa hata moja. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka wa 1996, ilikuwa ya nyimbo za Metallica. Wapenzi wa hevi metali waliipokea kwa mikono miwili, na wengi wao wakajikuta wameketi kusikiliza ala ambayo hawakuwahi kuijali.

Aidha, tangu mwaka wa 1983, Metallica imekuwa ikifungua maonyesho yake kwa muziki uliotungwa na Mwitaliano Ennio Morricone kwa ajili ya filamu ya wachunga ng'ombe ya mwaka wa 1966, "The Good, the Bad and the Ugly". Umati mzima huimba sauti za utungo huo usio na maneno kabla ya gitaa la kwanza kulia.

Nyimbo za kiasili

Mlango wa pili ni wa nyimbo za kiasili. Mwaka wa 1977, Judas Priest, bendi nyingine ya kutoka eneo la Birmingham, ilirekodi upya "Diamonds and Rust", wimbo wa mapenzi wa mwimbaji Mmarekani Joan Baez. Wimbo huo wa taratibu uligeuka kuwa mmojawapo wa vipenzi vya mashabiki wake.

Metallica nayo ilirekodi "Whiskey in the Jar", wimbo wa jadi wa Ireland uliokwisha kupigwa kwa mtindo wa roki na bendi ya Thin Lizzy. Mwaka wa 2000, wimbo huo wa wanakijiji wa kale uliipatia Metallica tuzo ya Grammy.

Sepultura ya Brazili ilisafiri hadi kwa jamii ya Waxavante na kurekodi nao sehemu ya albamu yake ya "Roots", iliyotolewa mwaka wa 1996. Nchini Norway, Einar Selvik, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya metali ya Gorgoroth, alianzisha Wardruna mwaka wa 2003. Kundi hilo hutumia ala za kale za Skandinavia na halina ngurumo za gitaa, ila limepata mashabiki wengi miongoni mwa watu wa hevi metali. Nayo bendi ya The Hu ya Mongolia huchanganya metali na uimbaji wa kooni pamoja na zeze la kichwa cha farasi.

Mfano wa kuchekesha hutoka Wacken, kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani ambacho tangu mwaka wa 1990 huandaa mojawapo ya matamasha makubwa zaidi ya hevi metali duniani. Katika miaka ya karibuni, tamasha hilo limevutia watu wapatao 85,000. Miongoni mwa wanaolifungua ni bendi ya tarumbeta ya wazima moto wa kijiji, inayopiga muziki wa sherehe za mashambani huku maelfu ya watu waliovaa nguo nyeusi wakicheza.

Mwaka wa 2013, Heino, mwimbaji mkongwe wa nyimbo tamu za Kijerumani ambazo kwa kawaida hupendwa na wazee, alipanda kwenye jukwaa la Wacken pamoja na bendi ya Rammstein. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 74, na umati ulimshangilia.

Kantri na utetezi usiotarajiwa

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vyema muziki wa kantri. Nyimbo za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton zimepigwa kwa miongo mingi katika redio na maskani za Kenya. Huenda wasijue kwamba muziki huo una marafiki wengi upande wa hevi metali. James Hetfield, mwimbaji wa Metallica, ni mpenzi mkubwa wa kantri na mwaka wa 2003 alishiriki katika albamu ya kumuenzi Waylon Jennings.

Nchini Botswana, nchi ya wafugaji, mashabiki wa hevi metali wamejulikana kote duniani kwa mavazi yao ya ngozi nyeusi, viatu vya buti na kofia za wachunga ng'ombe. Mtindo wa kantri na ule wa metali umekutana katika vazi moja.

Udugu huu ulidhihirika pia katika siasa za Marekani. Mnamo Septemba 19, 1985, kamati ya Seneti ilisikiliza hoja za waliotaka santuri ziwekewe alama za kuwatahadharisha wazazi. Wanamuziki waliofika kupinga pendekezo hilo walikuwa watatu: Dee Snider wa bendi ya Twisted Sister, Frank Zappa, na John Denver, yule mwimbaji mpole wa kantri na nyimbo za mashambani. Snider aliwaambia maseneta kwamba yeye ni Mkristo asiyevuta sigara, asiyekunywa pombe wala kutumia mihadarati. Naye Denver alieleza jinsi wimbo wake kuhusu milima ulivyowahi kudhaniwa na watu kuwa wa kusifu dawa za kulevya. Wote wawili walikuwa wahanga wa kutoeleweka.

Mwana wa Unguja

Hakuna bendi inayodhihirisha upana wa masikio ya mashabiki hawa kama Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mnamo Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Queen ilichanganya roki nzito, opera, jazi ya zamani na nyimbo za densi, mara nyingine ndani ya albamu moja. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka wa 1975 huanza kama wimbo wa upole, hugeuka kuwa opera, kisha hulipuka kwa gitaa zito.

Metallica iliurekodi upya wimbo wa Queen uitwao "Stone Cold Crazy" na kushinda nao tuzo ya Grammy mwaka wa 1991. Baada ya kifo cha Mercury mwaka huo huo, tamasha la kumkumbuka lilifanywa katika uwanja wa Wembley, London, Aprili 20, 1992. Metallica, Def Leppard, Guns N' Roses na Tony Iommi walishiriki jukwaa moja na Elton John, George Michael, David Bowie na Liza Minnelli.

Panki, hip-hop na mashine

Panki iliipa hevi metali kasi na hasira. Lemmy Kilmister wa Motörhead, aliyefariki mwaka wa 2015, alipendwa na pande zote mbili, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa The Beatles na Little Richard na alikuwa na kundi la pembeni la kupiga roki ya miaka ya hamsini.

Uhusiano na hip-hop ni wa zamani kuliko wanavyodhani wengi. Mwaka wa 1986, albamu ya "Reign in Blood" ya Slayer ilitolewa na Def Jam, kampuni iliyojulikana kwa hip-hop. Mwaka huo huo, Kerry King wa Slayer aliwapigia Beastie Boys gitaa. Mwaka wa 1991, Anthrax na Public Enemy walirekodi pamoja "Bring the Noise", kisha wakazuru miji kwa pamoja wakiwachanganya mashabiki wao katika kumbi zizo hizo. Mwanahip-hop Ice-T naye alikuwa tayari ameunda bendi yake ya metali, Body Count.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila shabiki huikumbatia kila ladha. Wapo washikilizi wa jadi wanaoona mchanganyiko wowote kuwa usaliti. Metallica ilipobadilisha sauti yake na wanamuziki wake kukata nywele mwaka wa 1996, baadhi ya wafuasi wake walinung'unika sana. Lakini hata manung'uniko hayo huonyesha kitu kimoja: watu hawa husikiliza kwa makini na kulijali kila badiliko.

Utafiti wasemaje?

Mwaka wa 2008, Profesa Adrian North wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, Edinburgh, alitangaza matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 36,000 kutoka nchi mbalimbali. Aliwauliza kuhusu muziki wanaoupenda na kuzichunguza hulka zao. Matokeo yaliwashangaza wengi: mashabiki wa hevi metali na wale wa muziki wa klasiki walifanana mno. Makundi yote mawili yalielekea kuwa ya watu wabunifu, watulivu na wasiopenda kujitokeza mbele za watu. Tofauti kubwa ilikuwa ya umri.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachunguza mashabiki 39 wa metali kali wenye umri wa kati ya miaka 18 na 34. Kwanza waliwakumbusha mambo ya kuwakasirisha, kisha wengine wakasikiliza muziki wao na wengine wakakaa kimya. Muziki huo haukuwazidishia hasira. Waliousikiliza walitulia sawa na waliokaa kimya, na walieleza kwamba uliwapa ari.

Utafiti wa tatu unageuza swali. Mwaka wa 1996, mwanasosholojia Bethany Bryson alichapisha makala yaliyotumia takwimu za Marekani za mwaka wa 1993. Aligundua kwamba watu wenye elimu ya juu, wanaojivunia kupenda muziki wa kila aina, walikuwa wakizibagua aina nne: rapu, hevi metali, kantri na nyimbo za injili. Hizo ndizo aina ambazo mashabiki wake walikuwa na elimu ndogo zaidi ya shuleni. Kwa maneno mengine, kilichokataliwa si sauti tu bali pia watu wanaohusishwa na sauti hiyo.

Matokeo hayo yana funzo kwa msomaji wa Kenya, ambako injili na kantri zina wapenzi tele. Machoni pa mbaguzi wa mbali, mpenzi wa Jim Reeves, mwimbaji wa kwaya na kijana mwenye fulana ya Slayer waliwekwa kwenye kapu moja.

Gharama ya dhana potovu

Kwingineko, dhana potovu zimeleta maumivu halisi. Mnamo Januari 1997, polisi wa Misri waliwakamata vijana wapatao 100, wengi wao wa familia zenye uwezo, wakidaiwa kuabudu shetani kwa sababu ya muziki waliousikiliza. Waliachiliwa baadaye kwa kukosekana ushahidi, ila majina yao yalikuwa yamekwisha kuchafuliwa magazetini.

Mwaka wa 2003, mahakama ya Casablanca, Morocco, iliwahukumu wanamuziki na mashabiki 14 vifungo vya kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja kwa madai ya kuwatikisa Waislamu katika imani yao. Miongoni mwa vielelezo ni fulana nyeusi na santuri. Baada ya malalamiko ya umma, wengi wao waliondolewa hatia katika rufaa.

Katika jiji lilo hilo, tangu mwaka wa 1999, limekuwako tamasha la L'Boulevard ambapo metali, hip-hop na muziki wa mchanganyiko wa kiasili hupewa nafasi mahali pamoja. Watu waliodhaniwa kuwa maadui wa utamaduni ndio waliosimama bega kwa bega na wapenzi wa utamaduni huo.

Nchini Kenya, hofu ya ushetani ilitanda katika miaka ya tisini hadi Rais Daniel arap Moi akateua tume ya kuichunguza mwaka wa 1994. Si ajabu kwamba katika mazingira kama hayo, muziki wenye picha za mafuvu kwenye majalada yake ulitiliwa shaka na wazazi na viongozi wa dini.

Giza la Nairobi

Licha ya hayo, Nairobi imekuwa na bendi zake za metali. Kundi lililovuma zaidi ughaibuni ni Duma, lililoundwa na Martin Kanja na Sam Karugu, vijana waliotoka katika bendi za metali za jiji hilo. Katika Kiswahili, duma ni mnyama mwenye mbio; katika Gĩkũyũ, lugha iliyowapa jina hilo, neno hilo lina maana ya giza.

Albamu yao ilitolewa mwaka wa 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya Kampala inayojulikana kwa muziki wa densi wa kompyuta. Ndani yake, ukemi wa metali umepandishwa juu ya midundo ya mashine inayokimbia. Kanja, almaarufu Lord Spikeheart, aliendeleza mseto huo katika albamu yake ya mwaka wa 2024, "The Adept". Si rahisi kusema kama kazi hizo ni metali, tekno au kitu kipya kabisa, na wasikilizaji wake hawaonekani kujali.

Kwa nini masikio yao ni mapana?

Sababu ni kadhaa. Kwanza, hevi metali yenyewe ni mto uliotiririkiwa na vijito vingi, na anayeufuata kwa makini hufika kwenye chemchemi zake. Pili, mashabiki wake huthamini ufundi wa ala, na ufundi huo hupatikana pia katika jazi na klasiki. Tatu, bendi zao zimezoea kurekodi upya nyimbo za wengine, na kila wimbo wa aina hiyo ni mlango wa nyumba mpya. Nne, mtu anayependa muziki unaodharauliwa na majirani hujifunza mapema kutotegemea hukumu ya umati, na huenda akawa mwepesi wa kuupa wimbo mgeni nafasi.

Kwa mzazi au mwalimu ambaye nyumba yake inatikiswa na ngurumo za gitaa, huenda likafaa swali kuliko amri. Kumuuliza kijana ni nini kingine anachosikiliza, na mwanamuziki anayempenda alijifunza kwa nani, kunaweza kuwafikisha wote wawili kwa Bach, kwa Muddy Waters, kwa John Denver au kwa yule mwana wa Unguja. Anayelipiga teke debe kabla ya kulifunua hawezi kujua lina nini ndani.